Petroli Haisomwi kwa Macho: Dhana Zinazopotosha Uchunguzi wa Moto

Nyumba ikiungua usiku hapa Dodoma, Nkuhungu au Chang'ombe, hadi asubuhi mtaa mzima umeshatoa hukumu: ama ni shoti ya umeme, ama kuna mtu kamwaga petroli. Hukumu ya pili ni nzito. Kifungu cha 319 cha Kanuni ya Adhabu kinamweka anayechoma jengo kwa makusudi kwenye hatari ya kifungo cha maisha. Kwa hiyo kila ishara inayotajwa kuwa "ushahidi" inastahili kupimwa kabla jina la mtu halijatajwa.

"Sakafu imeungua mabaka mabaka, basi petroli ilimwagwa."

Hii ndiyo dhana iliyofanya madhara makubwa kuliko zote. Moshi wa moto hupanda na kujikusanya chini ya dari. Tabaka hilo likifikia nyuzi joto 500 hadi 600 za Selsiasi, joto linalomulika chini linatosha kuwasha kila kitu chumbani karibu kwa mpigo mmoja, zulia likiwemo. Wazimamoto huita hatua hiyo flashova. Sebule yenye makochi ya sponji inaweza kuifikia ndani ya dakika tatu hadi tano tangu miali ya kwanza. Kuanzia hapo sakafu huungua hata kama hakuna tone la petroli. Sehemu iliyofunikwa na nguo au meza hubaki salama, iliyo wazi huliwa, na dari ya PVC inayoyeyuka hudondosha moto huku na huku. Mabaka yanayobaki hufanana kabisa na ya kitu kilichomwagwa.

Mwaka 1991 huko Jacksonville, Florida, katika kesi ya mtu aliyeshtakiwa kwa kuchoma nyumba, upande wa mashtaka ulipanga samani kama zilizoungua ndani ya nyumba iliyofanana na ile ya tukio, kisha kochi likawashwa bila petroli. Chumba kilifika flashova kabla ya dakika tano kwisha na kuacha mabaka yale yale. Mashtaka yakafutwa.

"Palipoungua zaidi ndipo moto ulipoanzia."

Ni kweli kwa moto uliozimwa mapema. Chumba kikishapita flashova, kinachokosekana ni hewa, na moto mkali huhamia inakoingilia hewa: mlangoni, dirishani, kwenye tundu la bati lililong'oka. Mwaka 2005 huko Las Vegas, wachunguzi 53 walionyeshwa vyumba viwili vilivyoachwa viungue takribani dakika mbili baada ya flashova, wakaombwa kutaja robo ya chumba ulikoanzia moto. Kwa kila chumba, watatu tu ndio waliopatia. Kwa Dodoma hili ni zito zaidi, kwa sababu miezi ya kiangazi upepo ni mkali. Dirisha lililo upande wa upepo linaweza kuchimba ukuta wa pembeni yake hadi mtu aapie kwamba moto ulianzia hapo. Mchunguzi makini huandika kwanza milango na madirisha yapi yalikuwa wazi, upepo ulitoka wapi, na nani alivunja nini wakati wa kuzima.

"Aluminiamu imeyeyuka, hiyo ni kemikali."

Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na moto wa kawaida wa mbao na magodoro hupita hapo kwa urahisi. Petroli haiwaki kwa joto kubwa kuliko mbao kwa kiasi cha kuacha alama ya pekee. Inachofanya ni kuueneza moto haraka. Zege lililobanduka nalo si ushahidi: unyevu ulio ndani yake hugeuka mvuke na kulipasua. Vioo vyenye nyufa ndogo ndogo kama utando vilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa dalili ya moto wa haraka, kumbe hutokana na kioo cha moto kupigwa na maji ya kuzimia.

"Waya una vijishanga vya shaba, basi ni shoti."

Moto wowote ukifika kwenye waya wenye umeme, huunguza plastiki ya nje, nyaya hugusana na shaba huyeyuka. Kishanga kinathibitisha kitu kimoja tu: waya ulikuwa na umeme moto ulipoufikia. Hata hivyo kina faida. Kwenye waya mmoja, kishanga kilicho mbali zaidi na chanzo cha umeme mara nyingi ndicho cha kwanza, maana ukikatika hapo mbele hakuna umeme tena. Kwa upande wa pili, soketi yenye skrubu iliyolegea inaweza kuchemka kwa miezi bila swichi kujikata, kwa kuwa mkondo haujazidi kiwango. Usitupe soketi, plagi wala swichi ya mita.

"Hakuna aliyeingia ghalani, basi ni hujuma au ushirikina."

Kanda ya kati ni nchi ya alizeti, na mafuta ya alizeti yakikutana na hewa hutoa joto. Matambara au magunia yaliyolowa mafuta hayo na kurundikwa hushindwa kupoa katikati, na baada ya saa kadhaa rundo linaweza kuwaka lenyewe. Mashudu yenye mafuta mengi na unyevu nayo hujipasha hivyo hivyo. Dizeli na oili ya injini hazina tabia hii. Ukikuta katikati ya rundo pamekuwa mkaa kuliko nje, simama na uchunguze upya.

"Maji yameshafua kila kitu."

Hapana. Petroli iliyonyonywa na zulia, udongo au nyufa za sakafu hubaki, na vifusi vyenye maji huifunika isipotee haraka. Kinachoiua ni fagio la asubuhi. Tunawasihi wenyeviti wa mitaa: zungusheni kamba, pigeni picha kutoka pembe zote nne za kila chumba, na msiruhusu jenereta ya petroli ndani ya eneo.

Sampuli huchukuliwa pembezoni mwa baka, si katikati palipoteketea: kwenye maungio ya vigae, chini ya fremu ya mlango, udongo ulio chini ya ufa. Vaa glovu mpya kwa kila sampuli. Chombo kiwe kopo jipya la bati kama la rangi, au chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma, na kisijazwe zaidi ya theluthi mbili. Mfuko wa rambo hupitisha mvuke, na sampuli hufika maabara tupu. Chukua pia kipande cha zulia lile lile mahali pasipotiliwa shaka, kwa ajili ya kulinganisha. Udongo ugandishwe, kwa sababu bakteria hula petroli. Kopo lililoachwa kwenye buti la gari juani halina thamani tena.

Maabara hukusanya mvuke kwa kipande cha mkaa maalumu, kisha hutenganisha kemikali kwa kromatografia ya gesi. Sponji na plastiki zikiungua hutoa tolini na benzini, ambazo zimo pia kwenye petroli, kwa hiyo kinachotafutwa ni mpangilio mzima wa kemikali. Majibu ya "petroli ipo" nayo hayatoshi. Nyumba nyingi hulaza pikipiki sebuleni, na tangi linalovuja hulowesha sakafu kila usiku. Muulize mwenye nyumba kabla ya kumuuliza jirani.

"Marehemu alikunja ngumi, alikuwa akipigana."

Joto hukaza misuli na kukunja mikono, awe alikufa kabla ya moto au ndani yake. Masizi kwenye koo la hewa na kaboni monoksidi kwenye damu ndivyo huonyesha kama alikuwa akipumua.

"Hatukupata chanzo kingine, basi uliwashwa."

Mwongozo wa Marekani wa uchunguzi wa moto, NFPA 921, katika toleo la 2011, ulitamka kwamba hoja hii haiendani na njia ya kisayansi. Kutopata soketi mbovu ndani ya majivu si sawa na kupata kiberiti. Ripoti ya namna hiyo inapaswa kuandikwa "chanzo hakijabainika", na jalada libaki wazi kwa ushahidi mpya.