Kupimwa kumbukumbu kwa simu sio porojo

Wengi wanaamini eti mtu aliyeumia ubongo kwa ajali akipigiwa simu kupimwa kumbukumbu hizo ni stori tu, kipimo cha kweli lazima akae uso kwa uso na mtaalamu. Sio kweli jamani. Kuna kipimo kinaitwa BTACT, kama dakika 20 hivi, unasomewa maneno 15 uyarudie, unataja wanyama kwa dakika moja, unahesabu kurudi nyuma toka 100, halafu mwishoni, akili ishahamia kwingine, unaulizwa tena yale maneno na hapo ndo shida ya kumbukumbu inajionyesha. Kweli hakipimi kuchora, ila mgonjwa ambaye safari tu inamchosha anafikiwa alipo. Akae sehemu tulivu, na ndugu msimnong'oneze majibu tafadhali.