Kuisimamisha video kuna kazi kuliko kuicheza

"Mwanangu, video yako iko inazunguka tu, mega zinaisha, na mutoto hata sindano hajaiona."

Ndivyo nilivyopokewa nilipopeleka toleo la kwanza la programu yangu kwenye atelie ya mama mmoja anayefundisha ushonaji karibu na soko la Kenya. (Wasomaji wa mbali: Kenya hii ni komini ya Lubumbashi, si nchi.) Wanafunzi wake walitaka masomo kwenye simu: kukata shingo ya libaya (blauzi ya kitenge), kuweka zipu, kupima mkono. Nilidhani jasho litanitoka kwenye kurekodi. Kuiweka video ndani ya programu nilikupangia siku moja. Kulikula karibu miezi miwili, na muda mwingi haukwenda kwenye kuionyesha video bali kwenye kuitawala: nani anaiwasha, nani anaizima, nani anakumbuka ilifika wapi.

Zamani kwenye Android tulitumia VideoView, kichezaji cha video kinachokuja na mfumo wenyewe. Unaipa anwani ya faili, inacheza, unakwenda nyumbani. Siku hizi wengi tunatumia ExoPlayer, ambayo sasa inakaa ndani ya maktaba ya Media3, na upande wa iPhone kuna AVPlayer. Zote mbili zina tabia ambayo ningefurahi mtu angeniambia mapema: kichezaji si kitu cha skrini. Ni mashine inayovuta faili, inayoipitisha kwenye dikoda (kifunguzi cha video iliyobanwa), inayohakikisha midomo na sauti vinakwenda pamoja. Unachokiona kwenye skrini ni dirisha lake tu. Dirisha laweza kubomolewa na mashine ikaendelea kunguruma ndani.

Mimi nilivichanganya. Niliumba kichezaji ndani ya skrini ya somo, kama mtu anayebandika picha ukutani. Binti mmoja akailaza simu ili aione shingo kwa ukubwa. Android, simu ikigeuzwa, kwa kawaida huivunja skrini na kuijenga upya, kwa hiyo skrini mpya ikaumba kichezaji kipya na kuanza somo kutoka sifuri. Kile cha kwanza nacho hakikufa, kwa sababu sikuwa nimekiachia. Atelie nzima ikasikia sauti mbili za mama yule yule, moja iko dakika ya nne inapima kiuno, nyingine inasalimia wanafunzi. Walicheka sana. Mimi sikucheka.

Dawa yake ni kukipa kichezaji mwenyewe mmoja anayeishi muda mrefu kuliko skrini. Kwangu ni ViewModel, sehemu ya programu inayotunza mambo ya skrini na ambayo haifi simu ikigeuzwa. Skrini inakuja, inaomba dirisha liunganishwe. Skrini inaondoka, inalitenganisha. Lakini mtu akitoka kabisa kwenye programu, kiachie kichezaji na uandike ilifika sekunde ya ngapi. Kuanzia Android 7.0 ya mwaka 2016 mahali pa kufanya hivyo ni onStop (skrini haionekani tena), si onPause (imepoteza zamu tu), maana toleo hilo lilileta skrini ya kugawanywa: programu yako inaweza kuwa imepoteza zamu huku mtu bado anaitazama, kalkuleta ikiwa nusu ya pili. Kuachia si adabu tu. Dikoda zilizomo kwenye chipu ya simu ni chache na programu zote zinagombania hizo hizo. Ukizikalia, programu nyingine itashindwa kufungua video, na kesho itakuwa zamu yako.

Hapo hapo ndipo penye kosa la wanaotaka orodha ya video kumi, kila kadi na kichezaji chake. Kwenye simu za bei ndogo tunazouziwa hapa mjini, ya tatu au ya nne inaweza kugoma. Weka kichezaji kimoja, kadi nyingine zioneshe picha tulivu, na kichezaji kihamie kwenye kadi iliyo katikati. Basi.

Sasa twende kwenye kitufe, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Kwenye toleo la kwanza kitufe changu kilifuata swali moja: je, video inacheza? Ikiwa ndiyo, onyesha alama ya kusimamisha. Ikiwa hapana, onyesha pembetatu. Inaonekana sawa. Mtandao ukilegea, video inakwama ikisubiri data, jibu linakuwa "hapana", pembetatu inatokea. Mwanafunzi anaibonyeza akidhani imesimama. Kumbe kitufe kinageuza tu amri ya mwisho, na amri ilikuwa bado "cheza", kwa hiyo kwa kubonyeza anaiamuru isimame kweli. Data inafika, video haiendi. Anabonyeza tena, kwa hasira safari hii. Malalamiko yote ya "video inakatala" niliyokuwa napokea, nusu yake yalitoka kwenye kitufe hiki, si kwenye mtandao.

Mashine inatofautisha nia na tendo. ExoPlayer ina playWhenReady, yaani mtumiaji anataka icheze, na ina isPlaying, yaani picha zinatembea sasa hivi. Kati ya hizo mbili kuna hali nyingine: inasubiri data, iko tayari, imefika mwisho. AVPlayer nayo, tangu iOS 10, inasema hivyo hivyo kwa timeControlStatus: imesimama, inasubiri, inacheza. Kitufe kifuate nia. Kiduara kinachozunguka kifuate hali. Ukivichanganya, unamwambia mtu uongo juu ya alichoamuru mwenyewe. Na video ikifika mwisho, kitufe kisibaki kama kilivyo: nia bado ni "cheza" lakini hakuna kilichobaki cha kucheza, kwa hiyo pembetatu irudi, na ikibonyezwa ianze mwanzo.

Mstari wa muda una mtego wake. ExoPlayer haikuletei habari kila sekunde kwamba imefika wapi. Unaiuliza mwenyewe, tuseme mara mbili kwa sekunde, na kuacha kuuliza ikisimama, la sivyo betri italia. Na mtu akishika kile kidoti na kukivuta, acha kabisa kukisogeza wewe. Programu yangu ilikuwa inamnyang'anya kidoti mkononi. Anakivuta mbele, saa yangu inakirudisha nyuma, kama watu wawili wanaogombea kikwembe kimoja sokoni.

Kurudi nyuma kulikuwa na uzito wa pekee kwa sababu ya kazi yenyewe. Mshonaji anarudia sekunde zile zile nane mara tano, mkono mmoja uko kwenye mkasi. Niliweka kugusa mara mbili upande wa kushoto: rudi sekunde 5. Ikaruka hovyo, mara sekunde 5, mara 12. Sababu iko ndani ya faili. Video iliyobanwa haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi fremu kuu moja nzima, halafu nyingi zinazofuata zinaeleza tu kilichobadilika. Ukiiagiza irukie fremu kuu iliyo karibu, inakuwa haraka lakini inatua mahali pasipo pako. Ukiiagiza itue sekunde ile ile, ni lazima ianze kusimbua, yaani kufungua picha, kutoka fremu kuu iliyotangulia, na kwenye simu dhaifu unaona kigugumizi. Kisimbaji x264, yaani programu inayobana video, ukikiacha na mipangilio yake, kinaruhusu hadi fremu 250 kati ya fremu kuu mbili. Kwa fremu 25 kwa sekunde hizo ni sekunde 10 nzima. Nilisimba upya masomo yote nikiweka fremu kuu kila sekunde 2. Faili zilinenepa kidogo, kurudi nyuma kukanyooka. Hakuna msimbo wowote wa programu ungeniponya hapo. Ugonjwa ulikuwa kwenye faili.

Na kule kuzunguka bila kuanza, alikokulalamikia mama? Faili pia. Simu inaporekodi, kwa kawaida huandika picha na sauti kwanza, na faharasa ya MP4, kile kisanduku kinachoitwa moov, inawekwa mwishoni, kwa sababu mpaka unapomaliza kurekodi haijui itaandika nini. Kichezaji hakiwezi kuanza bila faharasa. Kama seva inakubali kuombwa kipande cha faili, kichezaji kitarukia mwisho, kisome, kirudi. Seva yangu ya bei rahisi ilikuwa haikubali, kwa hiyo ilibidi faili yote ishuke kwanza. Amri ya ffmpeg, programu ya kuchakata video, yenye -c copy -movflags +faststart inaihamisha faharasa mbele bila kugusa ubora. Dakika moja ya kazi, baada ya wiki mbili za kulaumu mtandao.

Tuzungumze mega, yaani data ya simu ya kununua, maana kwa mwenzetu aliye Kenya au Katuba, komini nyingine ya hapa, hii ndiyo bei halisi ya programu yako. Video ya megabiti 2 kwa sekunde inakula megabaiti 15 kwa dakika. Somo la dakika 12 ni megabaiti 180. Ukiibana hadi kilobiti 500, somo lile lile ni megabaiti 45, na kwa mkono unaokata kitambaa, picha inatosha kabisa. Lakini kuna ulaji usioonekana. Kichezaji huweka akiba mbele, na ExoPlayer kwa mipangilio yake ya kawaida inaweza kukusanya hadi sekunde 50. Mtu akifungua somo, akaona si lile alilotaka, akatoka baada ya sekunde 5, kwenye ile video nzito huenda megabaiti 12 zimekwisha kulipwa bure. Na kubonyeza kusimamisha hakusimamishi kuvuta. Kunaendelea mpaka akiba ijae. Nilishusha akiba hadi sekunde 15. Kwenye mtandao unaokatika-katika unalipa kwa kukwama mara nyingine, najua. Niliwauliza wanafunzi wenyewe, wakachagua kukwama.

Baadaye nilihamia HLS, mtindo ulioletwa na Apple mwaka 2009: video inakatwa vipande vifupi, kila kimoja katika ubora kadhaa, na kichezaji kinachagua kulingana na kasi ya mtandao. Ni kizuri, ila kinapima upana wa njia, hakipimi mfuko. Siku mtandao ukiwa mzuri, kinapanda hadi ubora wa juu na kumaliza mega za wiki kwa masomo mawili. Kwa hiyo weka dari: ExoPlayer inakuruhusu kutaja kiwango cha juu cha biti, AVPlayer inafanya hivyo kwa preferredPeakBitRate. Kwangu dari iko chini mtu akiwa kwenye mega, inapanda akiwa kwenye Wi-Fi, na kitufe cha kuibadilisha kiko wazi, hakijafichwa kwenye mipangilio.

Wengine wananiuliza kwa nini nisiweke tu video za YouTube ndani ya programu. Kwa tangazo moja, weka. Kwa masomo, kichezaji kile si chako: masharti yao hayakuruhusu kukifunika na vitufe vyako, wala kuhifadhi video isomwe bila mtandao. Na mimi nusu ya wanafunzi wangu wanapakua masomo jioni kwa rafiki mwenye Wi-Fi.

Sauti nitaipitia haraka. Simu ikiita, video inyamaze yenyewe. ExoPlayer inafanya hivyo ukiiambia ishughulikie zamu ya sauti, lakini usipoiambia haifanyi. Visikizio vikichomoka, isimame, usisubiri abiria wote wa teksi-basi wasikie somo la zipu. Kwenye iPhone kuna cha ajabu: usipotangaza kwamba programu yako ni ya kucheza sauti na video, simu ikiwekwa kwenye ukimya sauti ya video inakufa, na mtu anakuapia kwamba faili halina sauti.

Hifadhi sekunde iliyofikiwa mara kwa mara, si wakati wa kutoka tu. Betri ikiisha hakuna anayekuaga. Mimi naandika kila sekunde 5 pamoja na kila mara inaposimamishwa, na mwanafunzi akirudi namrudisha sekunde tatu nyuma ya hapo, apate kushika uzi.

Kimebaki kimoja, na hicho alinifundisha mama mwenyewe. Desturi ni kwamba video ikicheza skrini haizimi, ikisimama unairuhusu izime ili kuokoa betri. Nilifanya hivyo nikijiona mjuzi. Siku moja nikamkuta anagusa skrini kwa kiwiko kila baada ya nusu dakika, pini ziko mdomoni. Alikuwa amesimamisha kwenye picha ya shingo iliyochorwa kwa chaki, anakata huku anaitazama. Kwake kusimamisha ndiko kutumia.

Sasa ikisimamishwa katikati ya somo, skrini inabaki wazi dakika 5 ndipo inafifia, na vitufe vyote vinaondoka juu ya picha baada ya sekunde 2 ili visifunike chaki. Alipoliona toleo hilo alitoa pini moja mdomoni, akasema, "Sasa iko inaniacha nikate," akairudisha.