Kati ya skuli na chuo cha Kurani, unamnunulia mtoto kitafunio gani?

Wiki iliopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka mitatu kliniki, nikamzungushia ule utepe wa kupima mkono ukasoma sentimita 12.1, yaani njano, utapiamlo wa wastani. (Njano inaanzia 11.5 mpaka kabla ya 12.5, chini ya hapo ni nyekundu, na nyekundu hatukai tukapiga soga, ni matibabu moja kwa moja.) Mama akashangaa kwelikweli. "Daktari, huyu tangu asubuhi mdomo haupumziki!" Mimi si daktari, mimi ni mtu wa lishe, lakini hapa Malindi ukishavaa koti jeupe ushakuwa daktari, nimechoka kubishana. Nikamuuliza anatafuna nini, akafungua mkoba. Paketi ya biskuti za krimu zimebaki tatu, kijuisi cha boksi kishanyonywa mpaka kimejikunja, na krispi za shilingi kumi ambazo nusu ya paketi ni hewa.

Kweli mdomo haupumziki. Lakini tumbo la mtoto wa umri ule ni dogo, likishajazwa juisi na krispi kutoka saa nne, ule wali na samaki wa mchana unatafuta pa kukaa unakosa, mtoto analamba vijiko viwili anasema nimeshiba, na si mwongo, kashiba kweli.

Sikumgombeza. Yeye anafanya kazi hotelini kwa shifti na mimi mwenyewe wangu wawili wanatoka skuli saa tisa, saa kumi wawe chuoni washatawadha na kanzu washavaa, hapo katikati nina dakika ngapi za kuchemsha muhogo? Kuna wale wanaokwambia pika vitafunio Jumapili uviweke friza vya wiki nzima, hao hawajakatikiwa stima Malindi. Sisi wengine tunanunua, na kununua hakuna ubaya wowote bora ujue unanunua nini. Manake kitu nnachokiona kila siku ni kwamba zile paketi zinazoelekezwa kwa watoto, zenye katuni na maandishi ya "imeongezewa vitamini", ndizo mbovu kuliko vyote vilivyoko kwenye shelfu, na kile kizuri kiko nje mlangoni kwenye ndoo ya kijana wa mayai.

Niwape hesabu yangu ya jikoni. Geuza paketi nyuma, tafuta neno sukari, ile namba ya gramu igawe kwa 4, unapata vijiko vya chai. Bas. Juzi usiku nilikaa na bakuli la sukari nikafanya kwa kijuisi nilichokitoa kwenye mkoba wa binti yangu (eh, na mimi pia, msinitizame hivo). Kilikuwa cha mililita 250, lebo inasema gramu 11 kwa kila mililita 100, kwa hivo gramu 27 na kitu, karibu vijiko saba. Nikavipima kimoja kimoja kwenye sahani nikamwita baba yao aje aone. Akanyamaza, alafu akauliza kama hiyo sahani narudisha kwenye bakuli au namwaga. Sasa linganisha: Shirika la Moyo la Marekani wanasema mtoto wa miaka 2 kwenda juu sukari ya kuongezwa isifike gramu 25 kwa siku nzima, na wa chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Kijuisi kimoja kishapita, na hajanywa chai bado.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hicho kijuisi ni cha "ladha ya embe". Malindi! Msimu ukifika maembe yanaoza chini ya miti, ngowe, dodo, boribo, unayakanyaga njiani, na mtoto anapewa maji ya sukari yaliyopakwa rangi ya embe yametoka mbali kwa lori. Ukisoma viungo utaona vimepangwa kwa uzito, kilichoko kwa wingi ndio cha kwanza, sasa kama cha kwanza ni maji, cha pili sukari, na embe liko mwisho mwisho huko, wewe umenunua nini? Na sukari yenyewe ina majina mengi, glukosi, dekstrosi, sirapu ya mahindi, zote ukoo mmoja.

Yogati usiihukumu haraka, hapo hesabu yangu inakosea kidogo. Maziwa yana sukari yake ya asili, kama gramu 4 au 5 kwa kila gramu 100, na lebo inaijumlisha humohumo. Kwa hivo kikopo cha gramu 150 kikisema gramu 18, ondoa kama 7 za maziwa, zilizobaki 11 ndizo za kiwandani, karibu vijiko vitatu. Si sumu, lakini mimi nanunua ile nyeupe isiyo na ladha au maziwa lala (mtindi), namkatia ndizi kisukari ndani, tamu inatosha. Kitu kimoja muhimu zaidi kuliko sukari: tizama friji la duka. Kuna maduka usiku wanalizima kuokoa stima, asubuhi wanawasha, kopo linaguswa baridi kumbe limelala joto. Kifuniko kikiwa kimevimba, rudisha hata kama tarehe bado. Duka ambalo huliamini friji lake nunua yale maziwa ya paketi ya muda mrefu, hayataki friji mpaka uyafungue.

Sasa mayai. Yai moja lina protini kama gramu 6, na mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitatu anahitaji kama 13 kwa siku, yaani yai moja la njiani limekupunguzia karibu nusu ya kazi. Nunua likiwa na ganda lake, umenye wewe, usichukue lililokwisha menywa linapigwa na vumbi la tuktuk, na mwambie kijana asilitie pilipili. Smoki zake, vile visoseji, muachie, chumvi nyingi. Yai na ndizi, au yai na kipande cha papai, hiyo ndio kanuni yangu nzima kama mtu ananishika barabarani: kimoja cha kushibisha, kimoja cha tunda. Mahindi ya kuchemsha pia sawa, ila kwa mdogo yapukuse na uyapondeponde kidogo. Tende sawa, toa kokwa, na apige mswaki usiku manake inaganda kwenye meno.

Njugu nizungumze taratibu kidogo. Mpwa wangu alikuwa na miaka miwili na nusu, tumekaa barazani, mimi mwenyewe mtaalamu nikampa njugu tatu kwenye kiganja. Akacheka na njugu mdomoni. Ile sauti ya kukoroma iliyomtoka bado naisikia, nikamlaza kifudifudi juu ya paja kichwa chini nikampiga mgongoni kati ya mabega, ya nne ndio ikatoka. Tangu siku hiyo njugu nzima, korosho nzima, bisi na peremende ngumu hakuna nyumbani kwangu mpaka mtoto afike miaka 4, na zabibu mbichi nazipasua kwa urefu vipande vinne. Njugu mpe zilizosagwa, pinati bata uipake nyembamba kwenye mkate. Chagua yenye viungo viwili tu, njugu na chumvi. Mafuta yakielea juu si kuharibika, koroga. Na ikiwa ni njugu za kupimiwa, zilizonyauka, zenye ukungu au chungu mdomoni zitupe, usiseme nitazikaanga, ile sumu ya ukungu, aflatoksini, moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2019 shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha pinati bata kadhaa madukani kwa sababu hiyohiyo, kwa hivo alama yao kwenye kopo ni muhimu.

Mabuyu najua mnangoja. Buyu lenyewe halina ubaya, lina vitamini C nzuri sana na ufumwele, tatizo ni lile koti la sukari na rangi linaloacha ulimi mwekundu mpaka kesho. Nenda sokoni ununue meupe, uloweke, ukoroge, uchuje, dakika kumi una juisi na mbegu zote zimebaki kwenye chujio. Kachiri za muhogo siku mojamoja tu, ni muhogo lakini zimekunywa mafuta na chumvi.

La mwisho, chai. Tunawapa watoto chai na kila kitafunio, na majani ya chai yanazuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyoko kwenye chakula, hasa mbaazi na mboga za majani, na watoto wengi nnaowaona wana damu kidogo. Mpe maji na kitafunio chake, kama chai lazima basi iwe nyepesi na angalau saa moja baada ya kula. Wangu nimewazoesha hivo, ila wakienda kwa nyanya yao wanakuta kikombe kishamiminwa kinafuka moshi na mahamri pembeni, na nyanya ananambia, "Wewe nilikulea na nini?"