Ukosi uliotungiwa sheria

Mimi ni fundi cherehani katika Kenya, si nchi bali komini, yaani mtaa mkubwa wa mji, hapa Lubumbashi, Kongo. Juzi mteja mmoja alinikuta napinda sketi ya binti wa jirani, akaanza kulalamika: serikali ingetunga sheria ya urefu wa sketi, watoto wetu wangepona. Nilimjibu kirefu, na ninarudia hapa kwa ajili ya vijana wasiojua kwamba nchi hii iliwahi kuwapangia watu hadi ukosi wa koti.

Oktoba 1971 Kongo ilibadilishwa jina ikawa Zaire. Mwaka uliofuata Rais Mobutu akaamuru majina ya ubatizo ya Kizungu yaachwe, kisha ikaja zamu ya nguo. Suti na tai, ambayo sisi tunaiita karavati, zikapigwa marufuku. Mwanamume avae abakosti, neno lililotoka kwenye Kifaransa likiwa na maana ya "suti chini!" Wanawake wakakatazwa suruali na wigi. Hata salamu iliguswa: "musye", yaani bwana, ikaondolewa, ukalazimika kusema "sitwayeni", yaani raia.

Kwa haki ya kazi yangu niseme: abakosti ni nguo nzuri. Haina ile mikunjo ya kifuani, vifungo vinapanda karibu na koo, na haihitaji shati ndani. Kwa joto la Oktoba hapa kwetu inashinda suti ya sufu. Wengi wangeivaa bila kuamriwa, na hilo ndilo linaloniuma. Iliyokuwa fahari ikageuzwa kuwa cheti cha utii, na jirani akapewa kazi ya kukagua shingo ya jirani.

Sipingi kila sheria. Mwaka 2020 nilishona barakoa mpaka vidole vikachubuka, maana pumzi yangu inaweza kumfikia mgonjwa wa watu. Lakini karavati ya baba yangu ilimdhuru nani?

Nilianza kujifunza ufundi mwaka 1983. Mteja alikuwa anachagua rangi, ananyoosha mikono apimwe, basi. Mengine yalikuwa yameshaamuliwa. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na karavati nazo zikafunguliwa. Yeye mwenyewe alibaki na abakosti yake. Wiki zile watu waliingia kibandani wakiuliza kwa sauti ya chini: "Fundi, kweli inaruhusiwa?" Mzee mmoja alitoa karavati aliyoiviringisha ndani ya soksi miaka yote ile. Akataka suti ya kuvaa nayo.

Hapo ndipo nilipoona hasara yenyewe. Sisi vijana hatukuweza kuishona. Mkunjo wa kifua cha koti hausimami kwa pasi: ndani yake kuna kitambaa kigumu, kinashikizwa kwa mkono, mishono midogo ya mshazari mamia kwa mamia, huku umekikunja juu ya kidole ili kijifunze kulala. Maarifa hayo yalikuwa yamekaa bila kazi karibu miaka 20. Bwana mkubwa aliyenifundisha alinunua koti kuukuu sokoni, tukalifumua usiku kwa taa ya mafuta, uzi baada ya uzi, kuona waliolishona walifanyaje.

Suti ya yule mzee ilitoka na mkunjo wa kushoto umelegea. Nilimwomba aniachie niirekebishe. Alikataa, akaivaa palepale, akaondoka nayo mpaka Kamalondo kwa miguu.