Dawa ya viroboto haipakwi, hudondoshwa

Mzee mmoja alirudi dukani kwetu, duka la dawa za mifugo hapa Morogoro, na kichupa kitupu mkononi. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Alinunua dawa, mbwa wake bado anajikuna usiku kucha, na hela yake imekwenda. Nikamwomba anionyeshe alivyoitumia. Akakunja mkono wa shati, akajifanya anakamua kichupa kwenye kiganja cha kushoto, akasugua viganja viwili, kisha akavipitisha juu ya mkono wake kuanzia begani hadi kwenye vidole, taratibu, vile mtoto anavyopakwa mafuta akitoka kuoga.

"Mzee wangu, nani alikuelekeza hivyo?"

"Si nyinyi? Mliniambia nikampake."

Ni kweli. Mwenzangu alimwambia akampake, na hata mimi nimeshawaambia watu hivyo. Kila siku nasikia "dawa ya kupaka mbwa" dukani, kwa majirani, hata kwa watu waliosomea mifugo. Neno hilo ndilo lililomwelekeza mzee yule, naye akalifuata barabara. Alichofanya yeye ndiko kupaka.

Maana ya kitu chenyewe ni fupi. Dawa ya matone ni dawa ya majimaji yenye mafutamafuta, inayokuja ndani ya kichupa kidogo cha plastiki chenye mdomo mwembamba, wengine hukiita pipeti. Kichupa kimoja ni dozi moja ya mbwa mmoja. Unaiweka kwenye ngozi mahali pamoja, pale mbwa asipoweza kufikisha ulimi, na kutoka hapo dawa inaenea yenyewe.

Sasa neno. Kupaka ni kitenzi cha kale cha Kibantu. Wachewa wa Malawi wanacho vilevile, na kwa Wakikuyu kimekuwa kuhaka, maana ya kupaka ikaenda mbali hadi rushwa ikaitwa ihaki. Kwetu Kiswahili kina ukoo mzima: pakaa, pakaza, pakazia. Unapaka rangi ukuta, unapaka mafuta mwili, samaki wa kupaka anapakwa tui zito la nazi huku na huku juu ya makaa. Anayemchafulia mwenzake jina tunasema kampaka matope. Katika yote hayo wazo ni lilelile: mkono au brashi inatembea, kitu kinatandazwa juu ya uso wa kitu kingine, na kazi ya kukieneza ni ya mpakaji. Ukiacha sehemu bila kuigusa, hujamaliza kupaka.

Dawa hii kazi yake ni kinyume cha hivyo. Anayeeneza si wewe. Ngozi ya mbwa ina tezi za mafuta kwenye mashina ya manyoya, na mafuta hayo hayatulii, yanatambaa juu ya ngozi mwili mzima. Fipronili, kemikali ya kuua viroboto iliyomo kwenye nyingi ya dawa hizi, huingia kwenye mafuta hayo, husafiri nayo, na akiba yake hukaa ndani ya tezi ikitoka kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Imidaklopridi nayo husambaa juu ya ngozi kwa njia ya mafuta hayohayo. Kwa dawa za namna hiyo kiroboto hahitaji hata kuuma: akigusa, imempata. Selamektini ina njia nyingine, inapenya ngozi na kuingia kwenye damu. Hakuna hata mojawapo inayohitaji kiganja chako.

Kiganja kinaharibu. Manyoya ya mbwa yamelala moja juu ya jingine kama makuti ya paa, na ukipitisha mkono wenye dawa juu yake, dawa inabaki juu ya makuti. Ngozi haijaiona. Nyingine imebaki mkononi mwako, nyingine kwenye nguo za mtoto aliyekuja kumkumbatia mbwa, na nyingine mbwa anailamba kwenye ubavu na mguu, akaanza kutoa udenda mwingi. Tuna msemo wa zamani wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, yaani anadhani amepakwa kumbe hakuna kilichomgusa. Mbwa wa mzee yule alipakwa kwa mgongo wa chupa, ingawa mzee hakuwa na hila hata chembe.

Wafugaji wa ng'ombe huielewa tofauti hii upesi kuliko sisi wa mjini, kwa sababu wao wana vitenzi viwili na hawavichanganyi. Ng'ombe akipitishwa kwenye josho, ameogeshwa. Akiwekewa ile dawa ya mgongoni, mstari mmoja kutoka mabegani hadi mkiani, amemwagiwa. Sijasikia mfugaji akisema amempaka ng'ombe dawa ya mgongoni. (Hapohapo niombe jambo: dawa ya josho isimwagwe juu ya mbwa kwa kukisia. Ile huja kali, imetengenezwa kuchanganywa na maji mengi kwa kipimo chake, na mbwa wanaoletwa wakitetemeka baada ya "kuogeshwa kidogo tu" nimewaona zaidi ya mara moja.)

Kwa mbwa, Kiswahili kinatupa maneno mawili mazuri ambayo tumeyaacha kando. La kwanza ni kudondosha. Wazee walisema chururu si ndondondo, na masikio yao yalikuwa sahihi: maji yanayochuruzika ni kitu kimoja, yanayodondoka ni kitu kingine. La pili, ambalo mimi nalipenda zaidi, ni kutona. Humo ndimo limetoka neno tone. Watu wa pwani wanalitumia hadi leo kwenye hina, na hawalichanganyi na kupaka. Bibi harusi anaweza kupakwa hina nyayo zote zikawa nyekundu, lakini akitonwa, hina imewekwa mahali palipochaguliwa, kidogo, kwa ncha, kisha ikaachwa ishike yenyewe. Ukishamwona mtu akitona hina, umeshaona dawa ya viroboto inavyowekwa.

Tena tazama mkono wa anayetona. Hana haraka. Ndivyo ilivyo hapa pia. Mbwa asimame, mtu anayemfahamu amshike kifuani. Unaweka vidole gumba viwili juu ya shingo, kati ya mabega, unatenga manyoya kushoto na kulia mpaka uone ngozi yenyewe, mstari mwembamba wa kijivu au wa waridi. Ukiona manyoya tu, bado. Mdomo wa kichupa uguse ngozi, ukamue, usubiri kidogo, ukamue tena ili kisibaki kitu ndani. Usisugue. Kwa mbwa mkubwa baadhi ya dawa huelekeza matone yagawanywe sehemu tatu au nne kwenye mstari wa mgongo, ili yasimwagike ubavuni. Pale utaona manyoya yameshikana na kung'aa kama yamelowa. Paache hivyo, watoto wasipashike mpaka pakauke, nawe unawe mikono kwa sabuni.

Kuogesha ni jambo la kando, ila linaharibu dawa nyingi. Sabuni huondoa mafuta ya ngozi, na mafuta ndiyo gari la dawa. Mbwa aliyeogeshwa asubuhi akadondoshewa mchana amenyimwa gari. Kwa dawa za fipronili, acha siku mbili kabla na siku mbili baada.

Na uzito. Kichupa cha fipronili cha mbwa wa kilo 2 hadi 10 kina mililita 0.67, cha mbwa wa kilo 20 hadi 40 kina mililita 2.68, yaani mara nne. Ndiyo maana kumgawia mtoto wa mbwa kutoka kwenye kichupa cha mama yake, kwa macho, ni hatari. Panda mizani ukiwa umembeba, shuka, panda peke yako, toa. Chini ya wiki 8 au chini ya kilo 2, fipronili ya matone asiwekewe kabisa. Mwone daktari wa mifugo.

Mzee aliniuliza pia kama dawa ikiwekwa vizuri viroboto wataisha kesho. Hapana. Anaowaona kwenye mbwa ni wachache wa ukoo wote. Mayai hayashiki kwenye manyoya, yanadondoka kwenye gunia analolalia getini, kwenye ufa wa sakafu, kwenye mchanga wa kivulini, na viroboto wachanga waliomo kwenye vifukofuko vyao huweza kusubiri miezi wakisikilizia mtikisiko na joto la mwili kabla ya kutoka. Wataendelea kuruka juu ya mbwa na kufa. Gunia lifuliwe kwa maji moto au lichomwe, banda lifagiliwe, na matone yarudiwe kwa tarehe iliyoandikwa kwenye boksi, ambayo kwa nyingi ni mwezi.

Kuna sababu moja ya mwisho inayonifanya niombe tuliache hili neno kupaka, nayo ndiyo inayonitia hofu. Dukani kwetu wengi hawaji wenyewe, hutuma mtoto. Mama anamwambia mtoto, "Kaniletee dawa ya kupaka, ya viroboto." Mtoto anatembea, anacheza njiani, anafika kaunta anasema, "Naomba dawa ya paka." Kupaka na paka hawana undugu wowote, ila mdomoni mwa mtoto wa miaka minane ni neno moja. Akipewa ya paka, mbwa nyumbani atapata dozi ndogo isiyomsaidia. Lakini kuna nyumba zenye wote wawili, na kichupa kikishaingia ndani kila mnyama huonja. Baadhi ya dawa za mbwa zina pamethrini nyingi, kemikali nyingine ya kuua wadudu. Ini la paka haliwezi kuivunja kama la mbwa. Paka aliyedondoshewa hiyo, au hata aliyelala ubavuni mwa mbwa kabla haijakauka, huanza kutetemeka masikio, kisha mwili mzima, kisha degedege, na asipowahishwa kwa daktari hufa.

Mzee yule nilimpa kichupa kingine, tukafanya mazoezi kwa maji juu ya manyoya ya mbwa wa mlinzi wetu mpaka vidole gumba vyake vikazoea kutafuta ngozi. Na wewe unayemtuma mtoto leo jioni, mwandikie kwenye karatasi, au mfundishe aseme hivi: dawa ya matone, ya mbwa, kilo kumi na tano.