Je, wajua kwa nini kikwapa huzidi ukiacha dawa ya kuzuia jasho?

Anayeacha dawa ya kuzuia jasho na kuhamia diodoranti ya asili huambiwa ajiandae kunuka kwa wiki mbili hadi nne. Sababu anayopewa karibu kila mahali ni moja: kwapa lilizibwa kwa miaka, sumu zikarundikana ndani, na sasa njia imefunguka mwili unazitoa. Basi huhimizwa avumilie, anywe maji mengi, na apake udongo wa bentonaiti uliochanganywa na siki ili uvute mabaki hayo nje.

Kipindi hicho kipo kweli na wengi hukipitia, ila maelezo yake si sahihi. Harufu hiyo haikuwa imehifadhiwa popote mwilini. Imetengenezwa juu ya ngozi, siku hiyohiyo, na bakteria. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa anayeamini habari ya sumu hukaa akingoja ziishe, na anayeelewa habari ya bakteria ana mambo ya kufanya leo.

Tuanze na hizo sumu. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo. Jasho ni maji kwa zaidi ya asilimia 98, pamoja na chumvi na viwango vidogo vya urea, asidi ya laktiki na madini. Ni kweli kwamba chembe kidogo za taka hupita humo, lakini kwapa ni eneo dogo mno la ngozi, na mwili una tezi za jasho zaidi ya milioni mbili zilizotapakaa kuanzia paji la uso hadi nyayo. Hata kama makwapa yote mawili yangezibwa kabisa, sehemu nyingine zingeendelea kutoa jasho kama kawaida. Na hayazibwi kabisa. Nchini Marekani, sheria huiruhusu bidhaa kuitwa dawa ya kuzuia jasho ikiwa inapunguza jasho kwa asilimia 20 tu, na ile inayojinadi kuwa na nguvu ya ziada hutakiwa kufikia asilimia 30. Jasho jingi bado hutoka.

Kizibo chenyewe ni kidogo na hakidumu. Chumvi za alumini huyeyuka kwenye jasho, hupanda kuingia mdomo wa mfereji wa tezi, na zikikutana na mazingira yasiyo na asidi nyingi huganda pamoja na protini kuwa ute mzito. Ute huo hukaa karibu kabisa na uso wa ngozi. Nyuma yake hakuna bwawa la jasho la miezi sita. Tezi hupunguza utoaji. Ngozi inapojichubua, kama inavyofanya kila siku bila sisi kuona, kizibo huondoka nacho. Ndiyo maana dawa hizi hupakwa tena na tena, na ndiyo maana ukiziacha, jasho hurudi polepole kwa siku kadhaa hadi wiki mbili hivi. Udongo wa bentonaiti unaweza kunyonya mafuta na unyevu wa juu ya ngozi, na hapo utaona nafuu ya saa chache. Zaidi ya hapo hauna cha kuvuta. Ukichanganywa na siki kali, huwachubua baadhi ya watu.

Sasa harufu hutoka wapi? Kwapa lina aina mbili za tezi. Za ekrini hutoa jasho la maji la kupoza mwili. Za apokrini, ambazo huamka wakati wa kubalehe, hutoa majimaji mazito kidogo, yenye mafuta na protini, kupitia tundu la unywele. Majimaji haya yakitoka mapya hayana harufu ya maana. Ndani yake, hata hivyo, mna kitu cha ajabu: molekuli za harufu zilizokwisha tengenezwa, ila zimefungwa.

Ichukulie molekuli ya harufu kuwa barua, na asidi amino iliyoshikamana nayo kuwa bahasha. Barua ikiwa ndani ya bahasha haiwezi kufika puani, kwa kuwa kifurushi kizima ni kizito na hakipai hewani. Bakteria aitwaye Staphylococcus hominis, mkazi wa kawaida wa kwapa, hataki barua. Anaitaka bahasha, kwa sababu asidi amino ni chakula. Huipokea kwa protini maalumu iliyo kwenye utando wake, huiingiza ndani, kisha vimeng'enya vyake huichana kwa hatua: kwanza hung'oa kipande cha glisini, asidi amino ndogo, halafu kimeng'enya kingine hukata kiungo cha sulfuri. Bahasha huliwa. Barua hutupwa nje, na sasa ni nyepesi, inapaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliielezea protini hiyo ya kupokea bahasha mwaka 2018, na mwaka 2020 wakakieleza kimeng'enya cha mwisho kinachoichana. Kinachotupwa ni pombe yenye sulfuri, harufu inayokaribia ya kitunguu kilichokatwa, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo sana. Bakteria wa kundi la Corynebacterium huchana bahasha za aina nyingine, na barua zao ni asidi zenye harufu nzito ya beberu.

Ukiushika mfano huu, kila bidhaa ya kwapa hueleweka kwa mahali inapoingilia. Dawa ya kuzuia jasho hufanya kazi zaidi kwenye tezi za ekrini: hukausha mahali wachanaji, yaani bakteria hao, wanapoishi, na chumvi za alumini huwaua wengi wao moja kwa moja. Bekingi soda na magnesiamu haidroksaidi hubadilisha pH (kipimo cha asidi) ya ngozi ili wachanaji wasistawi. Zinki risinoleti huwaacha wachanaji waendelee, kisha huikamata barua baada ya kutupwa. Wanga wa mahindi au wa arrowroot hunyonya unyevu. Manukato hufunika tu. Diodoranti ya asili haina kizibo, kwa hiyo haizuii jasho hata kidogo. Anayeitarajia ikaushe kwapa ataiona imeshindwa hata siku ambayo imefanya kazi yake vizuri.

Kwa nini basi wiki za mwanzo huwa mbaya? Mambo matatu hukutana. Unyevu umerudi. Bakteria waliokuwa wakiuawa kila asubuhi sasa wanaongezeka. Na pua iliyozoea kwapa kavu lenye manukato inanusa kitu ambacho haikukinusa kwa miaka. Katika utafiti wa North Carolina, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, watu 17 waliacha bidhaa zote za kwapa kwa siku tano. Waliozoea dawa ya kuzuia jasho walianza na bakteria wachache sana, na mwishoni mwa siku hizo idadi yao ilikuwa imewafikia wengine. Mchanganyiko wao ulikuwa tofauti: Staphylococcus walitawala, wakati kwa wale ambao hawakuwahi kutumia kitu, Corynebacterium ndio walikuwa wengi.

Hapa inafaa kwenda taratibu. Watu 17 ni wachache, siku tano ni fupi, na kuhesabu bakteria si sawa na kupima harufu. Utafiti mwingine wa Ubelgiji, wa mwaka 2014, nao wa watu wachache, ulionyesha kwamba dawa za kuzuia jasho zinaweza kuwaongeza jamaa wa Corynebacterium. Matokeo haya hayakai pamoja kwa urahisi. Kwa hiyo "wiki nne" inayotajwa kwenye vibandiko vya bidhaa ni makadirio ya muuzaji. Wengine hutulia baada ya siku kumi, na wengine hubaki na harufu hiyo kwa sababu ndiyo harufu yao ya kawaida bila alumini.

Kuna pia wasiohitaji chochote. Jeni iitwayo ABCC11 hutengeneza pampu inayopakia bahasha kwenye jasho la apokrini. Aliyerithi toleo lisilofanya kazi kutoka kwa wazazi wote wawili hana bahasha za kuchanwa, basi kwapa lake halinuki au hunuka kidogo sana. Jeni hiyohiyo huamua nta ya masikio: ya mtu huyo huwa kavu, ya kumeguka, badala ya kuwa na unyevu wa kunata. Hali hii ni ya watu wengi sana Asia ya Mashariki, na nadra Ulaya na Afrika. Utafiti wa Bristol, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, uliwakuta wanawake wa namna hii takriban asilimia 2, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa bado wanajipaka diodoranti. Kijiti cha pamba chenye nta ya sikio la nje kinaweza kukuokolea fedha.

Kwa aliyeamua kuhama, kazi ni kuwapunguza wachanaji, wala si kungoja. Osha kwapa kwa sabuni asubuhi na usiku, kwa vidole, sekunde 20 hadi 30 kila upande. Siku za mwanzo sabunisha mara mbili, kwa kuwa nta na silikoni za dawa ya zamani hung'ang'ania na maji peke yake hayaziondoi. Kausha kabisa, kisha subiri dakika chache kabla ya kupaka. Diodoranti ikipakwa juu ya unyevu hugeuka uji na kuhamia kwenye nguo. Harufu ikiwa sugu, sabuni yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 5 husaidia: iache dakika moja au mbili, suuza, mara mbili au tatu kwa wiki. Tumia taulo nyeupe, kwani hupausha rangi. Kupunguza nywele za kwapa pia husaidia, maana sabuni huifikia ngozi vizuri zaidi. Ukinyoa, nyoa usiku na upake kesho yake.

Kipimo hukosewa sana. Diodoranti ya kijiti inatosha kupitishwa mara mbili au tatu. Ya krimu isizidi robo ya kijiko cha chai kwa makwapa yote mawili. Ukizidisha, mafuta huzuia wanga usinyonye unyevu na nguo hupata madoa.

Wanaojitengenezea wenyewe hukosea kwenye bekingi soda. Mapishi mengi huiweka sawa kwa sawa na wanga, na hiyo ni nyingi kupita kiasi. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH karibu na 5. Bekingi soda ikilowa hufika pH 8 na kitu. Kila siku unapoipaka, ngozi hulazimika kurejesha asidi yake, na baada ya wiki moja au mbili huchoka: kwapa huwa jekundu au jeusi, huwaka, hupasuka. Wauzaji wa habari ya sumu huuita upele huu dalili kwamba usafishaji unaendelea, na watu huendelea kujipaka juu ya jeraha. Huo ni muwasho wa kemikali. Acha mara moja, osha kwa maji, paka mafuta mepesi yasiyo na manukato, na usirudi mpaka ngozi ipone.

Mchanganyiko mpole zaidi: vijiko 3 vya mezani vya mafuta ya nazi, vijiko 3 vya wanga, kijiko 1 cha nta ya nyuki iliyoyeyushwa, na bekingi soda isiyozidi kijiko 1 cha chai, iliyochekechwa ili chembe zake zisikwaruze. Nta inahitajika kwa sababu mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi na kopo lote huwa maji. Ngozi ikikataa hata kiasi hicho, magnesiamu haidroksaidi ni mbadala mzuri. Ni alkali zaidi kwenye kipimo, lakini huyeyuka kidogo sana kwenye maji, kwa hiyo ngozi haipati dozi kubwa kwa mara moja.

Kuwashwa kwa vipele vidogo kunakotokea siku moja au mbili baada ya kupaka, hata ukipaka kidogo, huelekea kuwa mzio, na mara nyingi chanzo ni mafuta ya manukato kama ya lavenda au mti wa chai (tea tree). Ya asili nayo huleta mzio. Jaribu kila bidhaa mpya ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba.

Anayehama ili kukwepa alumini achunguze pia jiwe la shabu linalouzwa kama diodoranti ya asili. Shabu ni salfeti ya potasiamu na alumini. Haitengenezi kizibo kama dawa za viwandani, ila alumini imo. Kuhusu saratani ya matiti, tafiti zilizopo hazijaonyesha uhusiano thabiti na dawa za kuzuia jasho. Wenye figo zilizodhoofika ndio hutakiwa kumwuliza daktari kwanza.

Wakati mwingine kwapa ni safi na shati ndilo linalonuka. Poliesta hushika mafuta na molekuli za harufu kuliko pamba, na bakteria wa Micrococcus hustawi humo. Ikipata joto la mwili, harufu ya juzi huamka ndani ya dakika. Geuza shati ndani nje, loweka sehemu ya kwapa nusu saa kwenye sehemu moja ya siki kwa nne za maji, suuza, ndipo ufue. Usichanganye siki na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu.

Ikiwa tatizo lako ni jasho linalolowesha nguo hata ukiwa umetulia, diodoranti ya asili haitalitatua. Hapo dawa ya kuzuia jasho ndiyo inayofaa, na hufanya kazi vizuri zaidi ikipakwa usiku kwenye kwapa kavu kabisa, wakati tezi zimepumzika na ute una muda wa kuganda kabla ya jasho la asubuhi kuusukuma nje.