Je, wajua kwa nini Xerox ilikwenda kujifunza kwa wauza viatu?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Xerox, kampuni ya Marekani iliyotajirika kwa mashine za kunakili karatasi, ilituma watu wake Freeport, mji mdogo katika jimbo la Maine, wakaangalie ghala la L.L. Bean. L.L. Bean hawakuwa na mashine hata moja ya kuuza. Biashara yao ilikuwa viatu vya kuwindia, mahema na nguo za baridi, vitu ambavyo wateja waliagiza wakiwa makwao wakaletewa kwa posta.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani watu walijitafutia matembezi. Sisi Kenya tuna sababu ya kudhani hivyo: ziara za mafunzo za waheshimiwa wa kaunti tumezizoea, na matunda yake yanayoonekana kwa urahisi ni posho na picha ya pamoja mbele ya jengo la watu. Ulinganishi wa viwango, au benchimaki kama wasemavyo maofisini, umebebeshwa jina baya hapo. Lakini kuna dhana nyingine, ya heshima zaidi, na ndiyo inayopoteza biashara nyingi: kwamba kujilinganisha ni kumchungulia mshindani. Mwenye nyumba ya wageni Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, anaulizia jirani analaza kwa shilingi ngapi, anapunguza mia tano, basi. Bei ameijua. Ila hajui jirani anaimudu vipi, na huenda jirani mwenyewe haimudu.

Chukua mashindano ya mashua mbele ya mji wa Lamu. Umepitwa, na kila aliyesimama gatini ameona umepitwa kwa umbali gani. Umbali huo ni kipimo halali, lakini hausemi lolote kuhusu sababu. Labda tanga la mwenzako limekatwa vizuri. Labda chombo chake kilikwanguliwa na kupakwa deheni juzi, na chako kimeota chaza. Labda mabaharia wake huwahi kuukalia ubao wa kusawazisha chombo, ule unaotokeza ubavuni, kabla upepo haujakilaza chombo. Ukikimbilia kushona tanga kubwa kama lake, na tatizo lilikuwa chini ya maji, utarudi mashindanoni na deni la tanga pamoja na chaza wako wale wale.

Nahodha mwenye subira huyakata mashindano vipande: kuondoka, kwenda na upepo, kubisha (kwenda dhidi ya upepo kwa kupindapinda), kumaliza. Kila kipande hukipima peke yake. Tuseme amegundua kwamba kwingine kote yuko sawa na wenzake, ila akibisha anachelewa, kwa kuwa watu wake wanahangaika kuihamisha foromali, yaani boriti inayobeba tanga, upande wa pili wa mlingoti. Hapo swali limebadilika. Hatafuti tena chombo chenye mbio kuliko vyote. Anatafuta watu wanaohamisha foromali upesi kuliko wote. Nao wanaweza kuwa mabaharia wa jahazi la mizigo, chombo ambacho kwenye mashindano kingefika watu wameshakwenda kula.

Xerox ilipita njia hiyo hiyo. Kuanzia 1979 ilizifungua mashine za washindani na kukokotoa gharama zake, ikakuta Wajapani wanauza mashine kwa bei inayokaribia ile ambayo yenyewe ilitumia kuunda tu. Pengo likajulikana. Kisha kazi ikakatwa vipande, na kimojawapo kilichozorota kilikuwa ghalani: kuokota vipuri na vifaa kutoka rafuni, kwa mkono, kimoja kidogo kama skrubu na kingine cha kubebwa na watu wawili. Nani mwingine huokota kwa mkono vitu visivyolingana umbo wala uzito? Muuza viatu na mahema. Waokotaji wa L.L. Bean walikuwa na kasi ya takriban mara tatu ya wale wa Xerox, na sababu zake hazikuwa na uchawi: bidhaa zinazoagizwa sana ziliwekwa karibu, na kompyuta ilipanga maagizo mapema ili mwokotaji asirudie njia. Na kisa hiki si cha pekee. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ilijifunza kwa mafundi wa magari ya mbio wa Ferrari namna ya kumkabidhi mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji.

Mwaka 1989 Xerox ilipata tuzo ya ubora ya Malcolm Baldrige, tuzo ya taifa ya Marekani. Hapa lakini twende polepole. Miaka hiyo hiyo ilipunguza idadi ya kampuni zilizoiuzia vipuri na kubadili mambo mengine mengi, kwa hiyo mchango wa ghala la Freeport pekee haupimiki. Msimuliaji mkuu wa kisa hiki, Robert Camp, alikuwa mtu wa Xerox. Na wanaotembelewa daima ni waliofaulu. Aliyepanga rafu vile vile akafilisika hana mgeni.

Tarakimu nazo zina hila zake. Nyumba yenye vyumba 10 Lamu ikifungwa siku 60 za masika, ina siku-chumba 3,050 za kuuza, yaani vyumba 10 mara siku 305. Ikiuza 1,525 itajisifu imejaa nusu. Jirani anayehesabu mwaka mzima, siku-chumba 3,650, kwa mauzo hayo hayo atasema asilimia 42. Wawili hawa wanaweza kubishana barazani hadi magharibi kuhusu nani anaendesha vizuri, na hakuna tofauti yoyote baina yao.

Kumwendea asiyekuwa mshindani kuna faida nyingine. L.L. Bean walikuwa hawana cha kuficha mbele ya watu wa mashine. Mwenye nyumba ya wageni anayetaka kuandaa vyumba upesi kati ya mgeni anayeondoka na anayeingia kutoka uwanja wa ndege wa Manda angeweza kumwendea mpishi wa shughuli, anayelisha mamia kwa sinia na kusafisha uwanja kabla ya alasiri, na akaonyeshwa kila kitu. Wenye nyumba wakikutana wenyewe kwa wenyewe, nao wajihadhari mazungumzo yasihame kutoka kufua mashuka hadi kukubaliana bei za msimu ujao, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza washindani kupanga bei.